Aliyelipeleka Gari kwa Fundi

Juzi nilipeleka gari langu gereji moja hapa Embu, kwa sababu lilikuwa limeanza kugonga upande wa mbele kila nilipopita kwenye matuta. Fundi alilipandisha kwa jeki, akatoa gurudumu, akaingia chini na kuanza kunung'unika peke yake kama kawaida yao. Alipotoka alikuwa ameshika kitu kwa kitambaa. "Madam, ona. Boljoint imekufa kabisa," akasema, akanipa nikishike. Nilijua uzito wake kabla hakijafika mkononi. Harufu ya grisi iliyoungua na kuchanganyika na vumbi ikanipanda puani, ile harufu kavu inayokaa nyuma ya ulimi, na papo hapo nikawa mtoto tena. Fundi hakuona lolote. Alikuwa anaitafuta simu yake mfukoni. "Mzee yuko wapi?" akaniuliza. "Ama nipatie namba yake nimwelezee."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia hakuna mzee, gari ni langu, nililinunua mimi, ninaliendesha mimi, na kama ana maelezo atanieleza mimi. Maskini wa Mungu, alibaki ameduwaa na simu mkononi. Hakuwa mtu mbaya, na swali lake wanawake wengi huulizwa kila siku wakalipuuza na kuendelea na shughuli zao. Mimi siwezi. Swali hilo lilitumaliza nyumbani kwetu, na kila nikilisikia damu inanichemka upya.

Kwetu ni Mitunguu, kule chini kwenye joto, ambako maji ya mfereji yanapita kando ya migomba na mtoto hujifunza kuruka mtaro kabla hajajifunza kusoma. Baba alifariki nikiwa bado kwenye madarasa ya chini. Aliugua kidogo, akalazwa, na waliorudi kutoka hospitalini walirudi bila yeye. Alituachia shamba la ndizi na gari jeupe la van. Wa rika langu mtayakumbuka magari yale: viti vya nyuma vimeng'olewa ili mzigo uingie, sakafu ni bati tupu, na mlango wa pembeni unafunguka tu ukiuvuta kwa mikono miwili huku umekanyaga ngazi yake. Baba alilinunua kwa mtu wa Nairobi, na kama watu wengi wa wakati ule hakuwahi kubadilisha jina la mwenye gari kwenye logbook. Hilo halikumsumbua yeyote akiwa hai. Kila mtu alijua ni gari la nani.

Alikuwa amemfundisha Mama kuendesha. Walianza kwa mzaha, jioni, kwenye barabara ya vumbi ya kando ya mfereji, na watu walikuwa wakitoka nje ya nyumba zao kuja kucheka. Mama ni mfupi, hivyo alikalia blanketi lililokunjwa ili aone mbele. Baba alipokufa, wale waliokuwa wakicheka waliliona gari likitoka siku ya soko limejaa ndizi, na Mama juu ya blanketi lake, macho mbele, hasalimii mtu mpaka atoke kwenye mashimo. Wakaacha kucheka. Wengine walianza kumpa mizigo yao.

Alikuwa anapeleka ndizi Kiirua na kurudi na viazi. Nisipokuwa na shule nilikwenda naye, nikikaa kiti cha mbele kama mtu mzima. Tuliondoka Mitunguu jasho likitutoka, tukapanda hadi Nkubu, na hapo Mama angeniambia, "Vaa sweta." Tulipofika Kiirua tulikuwa tunatoa moshi mdomoni tukiongea. Wanawake wa kule walivaa gambuti zenye matope na kofia za sufu, na walizipapasa ndizi zetu kwa vidole vilivyopasuka kwa baridi, wakimtania Mama kwamba ameziiba kwenye chakula cha mbuzi maana zilikuwa ndogo. Mama aliwajibu kwamba viazi vyao vina udongo mwingi kuliko viazi. Nilimpenda sana Mama akiwa Kiirua. Nyumbani alikuwa mjane na watu walimsemesha kwa sauti ya chini kama mgonjwa. Kule alikuwa mama wa ndizi, mwenye gari.

Kisha gari likaanza kugonga. Sauti ilitokea chini ya miguu yangu, ko, ko, ko, kila tulipoingia shimoni, na nilikuwa nikiinua miguu na kuiweka kitini kwa sababu niliamini kuna mtu amejificha kule chini anaomba afunguliwe. Mama alipunguza mwendo. Baadaye alipunguza zaidi, hadi punda wa mikokoteni walikuwa wakikaribia kutupita. Mwanamume mmoja sokoni aliingia chini ya gari, akatoka akipangusa mikono, akamwambia boljointi za mbele, vile viungo vinavyoshika magurudumu, zimekwisha pande zote mbili, na kwamba ikichomoka moja gurudumu litalala na gari litaingia korongoni. Mama alinitazama mimi, si gari. Siku hiyo aliteremka kutoka Nkubu kwa gia ya kwanza hadi nyumbani.

Mtu atauliza kwa nini hakulipeleka mwenyewe gereji. Alikuwa ameshawahi. Breki zilipoharibika alilipeleka Meru mjini, na fundi alimwangalia kutoka juu hadi chini akamwambia, "Mama, enda uite mwenye gari." Mafundi wengine wakacheka, na mmoja akaniuliza mimi kama ninaweza kumwita baba. Mama alikaa juu ya tairi kuukuu tangu asubuhi hadi jua likageuka. Breki zilitengenezwa hatimaye, lakini tulipofika nyumbani gari halikuwaka tena, kwa sababu betri yetu ilikuwa imebaki gereji na tulikuwa tumewekewa nyingine iliyochoka. Ndiyo maana safari hii alimwita baba mdogo.

Baba mdogo alikuwa mdogo wake Baba wa kufuatana, mtu wa Nkubu, dalali wa ndizi za watu wengine. Mimi nimerithi jina la mama yao, maana kwetu Meru msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na kwa sababu hiyo baba mdogo aliniita mama. Hakuniita hivyo kwa mzaha tu. Alikuja na mandazi ya moto kwenye gazeti, akainama mlangoni na kusema, "Mama, umeamka vizuri? Mtoto wako ana njaa, umempikia nini?" Mimi nikamjibu kwa ukali kwamba aoge kwanza. Baada ya mazishi yeye ndiye aliyeendelea kuja wakati wengine wamekoma. Nilimpenda kuliko mtu yeyote baada ya Mama, na sioni sababu ya kulificha hilo sasa.

Siku ya kulipeleka gari, Mama alimpa ufunguo na pesa za spea, halafu akamshika mkono wa shati. "Shemeji, ukifika pale usiseme ni gari ya mjane," akamwambia. "Sema ni yako. Wakijua ni yangu watatuchezea kama juzi."

"Nitasema ni yangu, nani atanibishia?" akacheka baba mdogo.

"Na uende na huyu," Mama akasema, akinisukuma mbele. "Akae hapo aone wanaweka nini."

Hiyo ndiyo iliyokuwa akili ya Mama, na mwanamke yeyote wa kwetu angefanya vivyo hivyo. Hata leo wanafanya. Mwanamke akitaka kununua shamba hutanguliza kaka, akitaka kujenga hutanguliza shemeji, yeye mwenyewe akae nyuma kimya ili bei isipande.

Haikuwa ile gereji ya breki; hii ilikuwa uwanja uliojaa magari yasiyo na macho, ardhi yake nyeusi na laini kwa mafuta yaliyomwagika miaka mingi. Fundi aliitwa Kirimi, mtu mwembamba mwenye sauti nene. Alipandisha gari, akashika gurudumu juu na chini na kulitikisa, nalo likaitikia ko, ko. "Unaskia hiyo?" akasema. "Lower boljoint zote mbili zimeisha. Nani mwenye gari hapa?"

"Ni mimi," akasema baba mdogo. Alisema hivyo huku ameingiza vidole gumba kwenye mshipi na kutanua kifua, na mimi nikaziba mdomo nisicheke. Nilijua ni ujanja wetu, wa Mama na mimi na yeye. Aliniangalia akanikonyeza.

"Umekuwa ukiendesha hii kitu hivi, mzee? Uko na roho ngumu," Kirimi akamwambia. Kisha akafungua nati, na boljointi ilipokataa kutoka alichukua nyundo mbili akagonga pande zote mbili kwa pamoja hadi nikajiziba masikio. Ikaanguka chini ghafla. Aliiokota akanionyesha. Mpira wake wa kufunika ulikuwa umepasuka, grisi yote imetoka na vumbi limeingia, na ule mviringo wa chuma ulikuwa unacheza ndani ya kikombe chake kama jino la maziwa. "Hii ni kama nyonga ya mbuzi," akaniambia. "Hii ikichomoka, mguu unalala." Alinipa niishike. Nilinusa vidole vyangu njia nzima kurudi nyumbani.

Maana tulirudi kwa gari la abiria, bila van. Baba mdogo alizungumza kando na Kirimi, akarudi akaniambia spea nzuri hazipo Meru, zitatoka Nairobi, na kwamba gari litalala gereji. Alininunulia chapati na maharagwe. Nilimweleza Mama kila kitu nilichokiona, nyundo, grisi, jino la maziwa, na Mama akaridhika.

Wiki hiyo ikaisha, ikaja nyingine. Baba mdogo alikuja na mandazi na habari. Spea zimechelewa. Spea zimefika lakini si saizi yake. Fundi amefiwa, ameenda kuzika kwao. Fundi amerudi lakini mvua inanyesha, na kazi ile haifanyiki matopeni. Alizileta habari hizo kama mtu anayetoka kumtembelea mgonjwa wodini, na mimi nilizipokea hivyo hivyo. Nilimwona akilini mwangu baba mdogo ameketi kando ya gari letu, ameweka mkono juu ya boneti, analiambia livumilie. Na nilimchukia Kirimi. Nilimchukia hadi nilipokuwa nalala nilikuwa nikimtafutia adhabu. Nilimwambia mwalimu wetu wa Sunday school kwamba nina ombi, na aliponiruhusu nilisimama mbele ya watoto wote nikaomba Mungu aziponye boljointi zetu na amvunje mikono fundi. Watoto walicheka wakashika mbavu. Mwalimu aliniambia tuombe tu kuhusu sehemu ya kwanza.

Wakati huo ndizi hazikungoja mtu. Mama alikodisha pikipiki, lakini mikungu iliyochubuka njiani iligeuka nyeusi kabla ya kufika sokoni. Akauza kwa madalali pale pale shambani, nao waliijua shida yake, wakamlipa walivyotaka. Zilizobaki ziliiva ndani ya nyumba. Tulikula ndizi asubuhi, tukala ndizi mbivu mchana, na nyumba nzima ilinuka utamu ule mzito unaovuta nzi, hadi leo siwezi kukaa katika chumba chenye ndizi zilizoiva. Mama alianza kuwa na tabia ya kusimama mlangoni baada ya kuosha vyombo, mikono imelowa, anasikiliza barabara.

Aliyetufungua macho ni mama mmoja wa Kiirua, muuza viazi, ambaye alipiga simu kumsalimu Mama. Mama aliiweka simu sikioni akicheka, kisha kicheko kikaisha. Nilikuwa karibu, na yule mama alikuwa na sauti ya watu wa sokoni, kwa hiyo nilisikia yote. "Kwani ulichoka na sisi?" alisema. "Siku hizi unatuma tu shemeji. Gari iko hapa kila soko, anatuletea ndizi na hata hataki stori."

Mama alimshukuru kwa kupiga. Aliiweka simu mezani taratibu sana, akavaa viatu vyake vya kanisani, akaniambia twende.

Njiani mimi ndiye niliyeongea. Nilimweleza Mama kwamba ni wazi fundi anaiba gari letu na kulipeleka Kiirua, na yule mama wa viazi alimwona Kirimi akadhani ni baba mdogo. Nilikuwa nimelipanga jambo lote vizuri kichwani. Baba mdogo akijua atapigana naye, nikasema. Mama alinishika mkono akaubana, akaniambia, "Nyamaza, tafadhali." Mama hakuwa na desturi ya kuniambia tafadhali, kwa hiyo nilinyamaza.

Kirimi alikuwa chini ya lori. Alitoka na kumsikiliza Mama, na alipomaliza akajikuna shingo. "Lakini mama, hiyo kazi nilimaliza jioni ile ile," akasema. "Boljoint mbili, tukaweka grisi, tukakaza pini, akaitest akaenda nayo. Spea tulinunua duka ile pale ng'ambo. Hata alinipatia ya soda."

"Gari ni langu," Mama akasema.

"Sasa mama, mimi nitajuaje? Mimi napatia ile mtu ameniletea. Nilimuuliza mwenye gari ni nani, akasema ni yeye. Si hata huyu mtoto alikuwa hapa?"

Mama hakuniuliza. Alimwambia Kirimi asante, tukaondoka. Mimi bado niliamini anadanganya, na nilishangaa kwamba Mama hakumpigia kelele. Nilimgeukia Kirimi nikamtolea ulimi.

Mama aliwaita wazee wa ukoo wa Baba, kwa sababu kwetu mambo ya namna hiyo huanzia hapo. Walikuja mchana wa Jumapili, wakaketi sebuleni kwetu na makoti yao, na baba mdogo alikaa kati yao akiangalia kofia yake. Nilikuwa napitisha chai. Alipopokea kikombe kwa upole alininong'oneza, "Asante, mama," na mimi nikamhurumia, maana nilidhani amekuja kumshtaki Kirimi pamoja nasi.

Mzee mkubwa kuliko wote, mwenye meno machache na adabu nyingi, ndiye aliyeuliza maswali. "Mama, tusaidie tuelewe," akasema. "Kule gereji, ni nani alisema gari ni lake?"

"Ni yeye," Mama akasema.

"Na ni nani alimwambia aseme hivyo?"

Mama angeweza kudanganya. Hapakuwa na karatasi popote yenye jina la Baba, wala ya mtu mwingine wa kwetu, na neno lake lingekuwa neno dhidi ya neno. Lakini Mama ni mtu ambaye hata bei ya ndizi akishaitaja hairudii. "Ni mimi," akasema.

"Ii," wakaitikia wazee wote kwa pamoja, ndiyo ya kwetu, wakitikisa vichwa kukubali. Mimi nilisimama pale na birika, na moyo wangu ukaruka kwa furaha. Shuleni mwalimu akiitikia vile ina maana umepata. Nikajua Mama ameshinda.

Walizungumza kwa muda baada ya hapo, bila ukali, na hilo ndilo linaloniudhi hadi sasa, kwamba hakuna aliyepaza sauti. Mzee alimwambia Mama kwamba bado ni mdogo, na Mungu akimjalia ataolewa tena, na haitapendeza mali ya mtoto wao iende kwa boma la watu wengine. Alisema gari linataka mwanamume, na kila mtu ameona hata Mama mwenyewe alijua hivyo, ndiyo maana alimtuma mwanamume. Baba mdogo atalitunza kwa niaba ya ukoo. "Na atawasaidia na usafiri," mzee akamalizia. "Hamtateseka." Baba mdogo akasimama akampa Mama mkono, na Mama akaupokea. Wazee wakaomba chai nyingine.

Atawasaidia na usafiri. Niliyasikia maneno hayo na nikayaweka pamoja na lile "ii" la wazee, nikapata jibu moja tu: gari limepona na linarudi nyumbani. Usiku huo nilitoa sweta langu la Kiirua nikalikunja kando ya kitanda. Mama aliniona, akazima taa.

Baba mdogo yupo hadi leo. Amezeeka, ana kisukari, na kila Krismasi hunipigia simu na kuniita mama. Mimi huitika. Gari lile lilimjengea nyumba ya mawe pale Nkubu, na alipoliuza kama chuma chakavu tulisikia kwa watu. Mama hakuolewa tena. Hakuendesha tena pia. Niliponunua gari langu la kwanza nilimpelekea ufunguo, nikamwambia azunguke nalo tu hata kwenye njia ya mfereji, na aliushika kidogo akaniambia mikono imesahau. Sikumwamini. Nimeshamwona mara nyingi akiwa kiti cha abiria, mguu wake wa kulia unakanyaga breki isiyokuwepo.

Asubuhi ya soko iliyofuata ule mkutano, tulikata ndizi mapema na kuzisukuma kwa toroli hadi barabarani. Nilivaa sweta kule kule kwenye joto, jasho likinitiririka mgongoni, kwa sababu sikutaka Mama apate taabu ya kunikumbusha. Gari likatokea kule mbali kwenye vumbi. Lilikuwa limeoshwa. Liliingia kwenye mashimo ya daraja la mfereji, yale mashimo yaliyokuwa yakilipigisha kelele kuliko yote, nami nikategea sikio, na sikusikia kitu. Kimya kabisa. Nilirukaruka. "Mama, limepona!" nikasema. "Limepona!"

Liliposimama nilikimbilia mlango wa mbele nikaufungua. Kitini pangu alikuwa ameketi mke wa baba mdogo, na mkoba mapajani. Aliniambia kwa upole niende nyuma. Niligeuka kumtafuta Mama, nikidhani yuko upande wa pili anangoja baba mdogo ateremke ampishe kwenye usukani, lakini Mama alikuwa amekanyaga ngazi ya pembeni na anauvuta mlango kwa mikono miwili. Alipakia mikungu mmoja mmoja. Baba mdogo hakushuka. "Shemeji, tufanye haraka kidogo," akasema, "kuna wengine wananingojea hapo juu."

Tulipanda nyuma, tukakaa juu ya bati katikati ya ndizi. Hapakuwa na blanketi. Baba mdogo aliegemeza mkono kwenye kiti, akageuka akanitabasamulia kama siku zote. "Huyu halipi, huyu ni mama yangu," akasema. Kisha akamwangalia Mama, na tabasamu lake halikubadilika hata kidogo. "Lakini mzigo ni mzigo, shemeji. Utalipa tu kama wengine. Si unajua mafuta."

Mama alifungua fundo la leso yake. Nilikuwa nimeliona fundo lile likifunguliwa mara nyingi, kwa ajili ya chumvi, kwa ajili ya kalamu yangu, kwa ajili ya sadaka, na sikuwahi kuona vidole vyake vikihangaika nalo namna ile. Hapo ndipo nilipoelewa yote kwa mara moja, Kirimi na spea za Nairobi na lile "ii" la wazee. Nilifungua mdomo. Sijui nilitaka kusema nini. Mama aliniwahi, akaniwekea mkono begani, mzito.

"Mshukuru baba yako mdogo, amekubeba bure," akasema.

Nikamwangalia. Alikuwa anatazama ndizi.

"Sema asante."

Nikasema. Kisha Mama naye akasema asante, akauvuta mlango ukafunga, akakumbatia mkungu uliokuwa karibu naye usichubuke njiani.